Kamera ya matumizi ya kila siku Mwanza, bajeti laki nne na nusu: nichague ipi?

Mama_Nyamanoro (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Nahitaji kamera ya matumizi ya kawaida: watoto nyumbani, shughuli za familia (nyingi ni ukumbini, usiku), nguo za dukani za kurusha WhatsApp na Instagram, na ziwa kidogo tukivuka Kamanga au tukienda Ukerewe. Bajeti ni laki nne na nusu, na humo humo nitoe kadi na kipochi. Iingie kwenye mkoba, nipande nayo daladala bila watu kujua nimebeba nini.

Hapa mjini nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza mpya kabisa ndani ya boksi, jina geni, imeandikwa "4K, 48MP, 16X". Ya pili Canon IXUS 185, imetumika. Ya tatu Canon 1200D na lenzi yake ya 18-55, nayo imetumika. Muuzaji anakazania ya kwanza kwa sababu ina megapikseli nyingi kuliko zote. Nawasilisha.

Lenzi_Kirumba

Dada, hiyo ya kwanza mrudishie kwa heshima zote.

Kamera hizi za jina geni kwa kawaida zina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo sana, kisha programu ya ndani inaitanua picha ili namba ya megapikseli ionekane kubwa. Picha inakuwa nzito kwenye kadi lakini ukiisogeza karibu unaona uji mtupu. Hiyo 16X nayo ni zumu ya kukata picha katikati na kuikuza, kitu ambacho simu yako inafanya bure.

Namna ya kuitambua hapo hapo dukani: angalia maandishi yanayozunguka kioo cha lenzi. Zumu ya kweli ina namba mbili za milimita. IXUS 185, kwa mfano, imeandikwa 5.0-40.0mm. Gawanya 40 kwa 5 unapata 8, ndiyo zumu yake halisi ya mara 8. Ukikuta namba moja tu na hapo hapo boksi linasema 16X, umeshajua. Halafu piga gazeti ukiwa sentimita 30, piga na kibao cha duka la ng'ambo ya barabara. Kama haina fokasi inayosogea, moja kati ya hizo picha mbili itatoka na ukungu.

Kuhusu megapikseli: picha ya kuchapa ya sentimita 10 kwa 15 kwa ubora wa studio inahitaji nukta 1200 kwa 1800 hivi, yaani megapikseli 2 na kidogo. Ukubwa wa A4 ni 2480 kwa 3508, haifiki megapikseli 9. WhatsApp na Instagram ndiyo kabisa. Chochote kuanzia megapikseli 10 kinakutosha. Muulize muuzaji ukubwa wa sensa, ukiona anaanza kuzunguka ondoka.

Kijana_Igoma

Simu nzuri haitoshi? Naona kama mnamuingiza gharama za bure.

Lenzi_Kirumba

Kijana, swali lako ni la msingi na ndilo linaiondoa IXUS 185 kwenye mashindano.

Sensa ya kamera ndogo za bei nafuu (wanaiandika 1/2.3) ina upana wa milimita 6.2 kwa urefu wa 4.6 hivi, eneo kama milimita 28 za mraba. Simu nyingi za daraja la kati za siku hizi kamera yake kuu ina sensa kubwa kuliko hiyo, na inapiga picha kadhaa kwa mkupuo kisha inaziunganisha kuondoa chenga. Kwa hiyo sebuleni usiku simu inaishinda IXUS 185, hilo halina mjadala. Isitoshe hiyo IXUS haina kitulizaji cha mtikisiko ndani ya lenzi wala wai-fai, na video yake inaishia 720. Ndugu yake IXUS 190 ana vyote viwili, kitulizaji na wai-fai, lakini sensa ni ile ile.

Kamera ndogo ya namna hiyo inabaki na mambo mawili ya kuizidi simu: zumu ya kioo, na flashi halisi, ile inayopiga mwako mmoja mkali wa kugandisha mtu anayecheza. Kama kazi yako ni mitumbwi iliyo mbali au ndege wa kisiwa cha Saanane, tafuta yenye zumu ndefu, mfano Canon SX620 HS yenye mara 25, na uitumie mchana. Kwa watoto na ukumbini usiku, nenda sensa kubwa au baki na simu, pesa ibaki mfukoni.

Ngazi zenyewe:
1/2.3: kama milimita 28 za mraba.
Inchi 1 (Sony RX100, Canon G7 X): 13.2 kwa 8.8, milimita 116 za mraba. Mara 4.
APS-C ya Canon (1200D na wenzake): 22.3 kwa 14.9, milimita 332 za mraba. Karibu mara 12.

Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi kwa wakati ule ule, chenga zinapungua. Mengine ni mbwembwe za boksi.

Studio_Nyegezi

Basi hesabu imeshajibu, achukue 1200D. Mara 12! Megapikseli 18, lenzi inabadilishwa, vifaa vyake viko kila kona, na fundi anaijua. Ukiwa ufukweni saa nane mchana, skrini ya kamera ndogo huioni kwa mng'ao, unapiga kwa kubahatisha. 1200D ina kidirisha cha kuchungulia, unaweka jicho na unaona kila kitu. RX100 ya kwanza haina, G7 X haina.

Lenzi_Kirumba

Studio, kidirisha nakubaliana nawe kabisa. Lakini umesahau lenzi.

Lenzi ya 18-55 inayokuja na 1200D inafunguka f/3.5 kwenye upana, ukivuta hadi 55 inabaki f/5.6 (namba ya f ni tundu la kuingizia mwanga: namba ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). G7 X ni f/1.8 kwenye upana na f/2.8 ikivutwa mpaka mwisho. Kutoka f/2.8 hadi f/5.6 unapoteza mwanga mara 4. Sensa ya 1200D inakurudishia mara 2.9 tu. Maana yake ukimvuta bi harusi kwa lenzi ile ya kawaida, kamera ndogo ya mfukoni inapokea mwanga mwingi kuliko hilo dude. Anayenunua 1200D akabaki na 18-55 peke yake ukumbini atalalamika kwamba DSLR (hizi kubwa za kubadilisha lenzi) hazina lolote.

RX100 ya kwanza (2012) iko katikati: f/1.8 kwenye upana, ila ukivuta inashuka hadi f/4.9. Hiyo ipige bila kuvuta, sogea kwa miguu.

Uzito: 1200D na betri gramu 480, ongeza lenzi gramu 200. G7 X gramu 304. RX100 gramu 240. Mama amesema mkoba na daladala.

Studio_Nyegezi

Hapo kwenye lenzi umenibana, ila dawa ipo: 50mm f/1.8. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara 10. Hapo hakuna kamera ndogo inayosogea. Achukue ile ya STM ya 2015, shingo yake ni ya chuma na fokasi yake haina kelele. Ile ya zamani iliyoandikwa II shingo ni plastiki na inanguruma kwenye video, ila kwa picha za kawaida inafanya kazi na bei iko chini.

Tatizo lake moja: kwenye APS-C inabana. Kumpiga mtu mzima aliyesimama, kichwa hadi viatu, kamera ikiwa wima, unahitaji kurudi nyuma mita 4 hivi. Sebule nyingi za Nyamanoro utagonga ukuta. Kwa nguo za dukani na ndani ya nyumba bora EF-S 24mm f/2.8 STM, ile nyembamba kama kifuniko: mtu mzima anaingia kwa mita 2, na kamera inapungua unene mpaka inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Mimi ningeuza ile 18-55 nikabaki na 24 tu.

Nyongeza kwa wanaopenda Nikon: D3100, D3200 na D3300 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi). Usiuziwe 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa, utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Zile za AF-P nazo hazifokasi kwenye D3100 na D3200.

Mama_Nyamanoro

Nimewaelewa vizuri, asanteni. Sasa dalali mmoja wa Kariakoo ana "Kiss X70" na "Rebel T6", anasema ni nzuri kuliko 1200D. Hizo ni kampuni nyingine?

Kiss_na_Rebel

Ni Canon hizo hizo, majina ya soko la Japani na la Marekani.

1100D = Kiss X50 = Rebel T3
1200D = Kiss X70 = Rebel T5
1300D = Kiss X80 = Rebel T6
2000D = Kiss X90 = Rebel T7
600D = Kiss X5 = Rebel T3i

Kwa hiyo X70 ndiyo 1200D yenyewe, asikuongezee bei kwa jina. T6 ni 1300D (2016), picha zinafanana na za 1200D ila ina wai-fai ya kutuma kwenye simu. 4000D iepuke kama kuna mbadala: shingo ya lenzi ni plastiki.

Mzigo wa Japani uwe na mambo mawili kichwani. Lugha: Canon za Japani kwa kawaida zina Kijapani na Kiingereza, lakini Sony za soko la Japani nyingi zina Kijapani tu na hakuna njia rasmi ya kubadilisha. Omba video fupi ya menyu ya lugha kabla hujatuma hata shilingi. Chaja: soma nyuma, ikiandikwa INPUT 100-240V inafaa umeme wetu, unahitaji adapta ya pini tu. Ikiandikwa 100V peke yake usiichomeke ukutani.

Na kitu ambacho watu hawakigusi: Canon za Japani na Marekani zinakuja video ikiwa NTSC, mfumo wa video wa huko kwao. Umeme wa Tanzania ni hezi 50, taa zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi kwa fremu 30 na shata (muda wa kupokea mwanga, kwa sehemu ya sekunde) 1/60 chini ya taa za ukumbi, unapata mistari inayopanda na kushuka kwenye video. Ingia menyu, weka PAL, fremu 25, shata 1/50. Mistari inaisha au inapungua sana. Ukiona mistari hata kwenye picha, tumia 1/50 au 1/100.

Fundi_Makoroboi

Tuje kwenye ukaguzi, maana huko ndiko pesa zinakopotelea. Nenda na kadi yako ya SD, tochi ya simu, na gazeti. Nenda mchana. Usikubali "betri imeisha chaji, ila ni nzima".

Kamera ndogo (RX100, G7 X, SX620 na jamii yake). Washa na kuzima mara 10 mfululizo. Lenzi itoke na kurudi bila mkwaruzo na bila kusita. Vuta zumu mbele na nyuma. Ikitokea "Lens error" hata mara moja tu, kisha ikakaa sawa, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu muuzaji anajua itakaa sawa mpaka ufike nyumbani. Chanzo huwa mchanga kwenye mrija wa lenzi, au ilianguka ikiwa wazi na meno ya plastiki yamepinda. Mchanga wakati mwingine unasafishika. Meno yaliyopinda ni kubadili lenzi nzima, na kwa kamera ya bei hii hailipi. Tazama ukingo wa mrija: ukiona nafasi upande mmoja pana kuliko mwingine, ilianguka.

DSLR. Toa lenzi, kimulike kioo kwa tochi kutoka nyuma huku ukichungulia mbele, kisha geuza. Vumbi chembe chembe halina shida. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui au mizizi midogo, hiyo ni fangasi. Ikiwa pembeni tu picha bado itatoka, lakini inaendelea kukua na ukisafisha baada ya kioo kuliwa alama inabaki. Kamera za watu wa mwambao hapa nyingi zinafia hapo.

Rudisha lenzi, weka Av (alama ya kwenye gurudumu, unachagua f mwenyewe), f/22, piga ukuta mweupe au anga. Fungua picha ukaikuze: madoa ya kijivu ni vumbi juu ya sensa, linasafishika. Mistari ya rangi inayokatiza picha nzima ni sensa, achana nayo. Kisha laza gazeti kwa mshazari, f ndogo kabisa, fokasi mstari wa katikati. Ikiwa mstari uliochagua una ukungu na wa nyuma yake uko safi, bodi na lenzi haziivani.

Idadi ya mapigo ya shata: Nikon inaiandika ndani ya kila picha, pakua programu ya kusoma taarifa za picha utaiona. Canon nyingi za daraja hili haziandiki, na namba ya faili si ushahidi kwa kuwa ikifika 9999 inaanza upya. Kwa Canon soma uchakavu: kipande cha chuma cha kuwekea flashi juu ya kamera kikiwa kimekwaruzika mpaka rangi imetoka, hiyo ilikuwa ya kazi za harusi. Mpira wa kushikia ukiwa umevimba au unanata, jasho la miaka.

Kununua kwa mbali: mwambie muuzaji aandike tarehe ya leo kwenye karatasi, aipige kwa kamera hiyo hiyo, na akutumie faili halisi kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama waraka. Ukitumiwa WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa zote zinafutika na ubora unapunguzwa, hujui imepigwa na nini. Dukani dai risiti ya EFD yenye namba ya kamera, ilingane na ile iliyo chini ya bodi.

Kijana_Igoma

Kadi gani? Naona za GB 128 bei chee sana pale stendi.

Kiss_na_Rebel

Bei chee kwa sababu nyingi si GB 128. Zimechezewa zijitambulishe kwa ukubwa wasiokuwa nao. Zikijaa kiasi halisi, picha mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinafunguka nusu rangi, nusu kijivu. Ukishanunua, chomeka kwenye kompyuta na uendeshe H2testw (ipo bure, ya Windows): inajaza kadi yote kisha inasoma tena kuhakiki. Kadi kubwa inachukua saa kadhaa, iache usiku. Fanya hivyo kabla ya shughuli.

Kwa kamera hizi GB 32 ya Class 10 inatosha kabisa, na ina faida nyingine: inatumia FAT32, ambayo simu karibu zote zinaisoma kwa kisomeo cha OTG, kile cha kuchomeka kwenye simu. Kuanzia GB 64 ni exFAT na simu nyingine zinakataa. Kamera za zamani sana hazipokei zaidi ya GB 32, nyingine zinaishia GB 2. Na ukikuta kamera ya bei nzuri inayotumia xD au Memory Stick, pita. Kadi za xD hazitengenezwi tena.

Betri: LP-E10 halisi ya 1200D/1300D ni 860 mAh. Ukiona ya kuiga imeandikwa 2000 mAh kwenye umbo lile lile, huo ni utani. Za kuiga zinazoandika namba ya kawaida zinafanya kazi, ila ikianza kuvimba itoe haraka kabla haijanasa ndani. G7 X hula betri: kipimo cha kiwandani ni picha 210 kwa chaji. RX100 kama 330. 1300D kama 500 ukitumia kidirisha. Kwa G7 X betri ya pili ni lazima, hasa umeme ukikatika siku ya shughuli.

Ukerewe_Kwetu

Wa visiwani tuongeze. Fangasi inapenda unyevu, giza na hewa iliyotuama, yaani ndani ya kipochi cha kitambaa kilichofungwa juu ya kabati. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na silika jeli gramu 50 hadi 100, ile inayobadilika rangi. Ikibadilika, ikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo, ipoe, rudisha. Mchele usitumie: haunyonyi cha maana na unatoa vumbi la wanga. Dawa rahisi kuliko zote ni kuitumia na kuiacha ipate mwanga na hewa kila wiki.

Kwenye boti au mtumbwi, mfuko usiopitisha maji wa kukunja mdomo. Usibadilishe lenzi upepo ukiwa unatoka ziwani, na kamwe wakati wale wadudu wa ziwani wamepanda kama moshi, wanaingia mpaka kwenye kioo cha ndani. Wakiganda kwenye lenzi wapulize kwanza, ukisugua unapaka mafuta yao.

Kamera za kuzamia kama Olympus TG ni nzuri kwa watoto wanaoogelea, lakini ya mtumba usiiamini kina kilichoandikwa. Ule mpira wa mlango wa betri unachoka, na unywele mmoja au punje ya mchanga juu yake inatosha kuingiza maji. Futa mpira kila unapofungua.

Bandarini na karibu na maeneo ya jeshi omba ruhusa kwanza. Maelezo ya baadaye ni marefu kuliko kuuliza.

Studio_Nyegezi

Mleta uzi, kamera yoyote utakayochukua, shida ya kwanza utakayoiona ziwani ni hii: mtu yuko mbele, maji yanang'aa nyuma, uso unatoka mweusi tii. Kamera inapima ung'avu wote kwa pamoja, inaona maji meupe, inapunguza mwanga, na ngozi yetu ndiyo inayoumia. Bonyeza kitufe cha +/- upandishe hadi +0.7 au +1.3. Maji yatapauka kidogo, uso utaonekana. Au lazimisha flashi iwake mchana, mtu akiwa mita 1.5 hadi 2. Kinyume chake ni nguo nyeusi dukani: kamera inazifanya za kijivu, shuka hadi -0.7. Nguo nyeupe panda +0.7.

Muda nao. Hapa kwetu jua liko juu kabisa kati ya saa sita na nusu na saa saba na kitu, si saa sita kamili, na macho yanakuwa mashimo. Peleka watu kwenye kivuli cha mwembe. Saa moja kabla ya jua kuzama ndiyo mwanga wa kupigia, na linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache mwaka mzima. Pale kwenye Jiwe la Bismarck fika mapema, maana likishazama una dakika 20 hivi giza limeingia.

Ndani, watoto wakikimbia: shata isishuke chini ya 1/125. Kitulizaji cha lenzi kinazuia mkono wako kutikisika tu, mtoto bado anakimbia. ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ya kujipangia yenyewe, kikomo 1600 kwa sensa ya inchi 1, 3200 kwa 1200D. Chenga kidogo zinavumilika, mtoto mwenye vichwa viwili havumiliki.

Lenzi_Kirumba

Kwa hiyo dada, mpangilio wangu wa laki nne na nusu: kamera isizidi laki tatu na nusu, laki inayobaki ni kadi halali, betri ya pili, chombo na silika jeli. Chaguo la kwanza RX100 ya kwanza yenye menyu ya Kiingereza, hata kama rangi imekwaruzika nje. G7 X ni bora kuliko hiyo ila vijana wa TikTok wameshazipandisha bei, na ukiona G7 X ya bei ya kutupa, Fundi ameshaeleza kwa nini. Wimbi hilo hilo limepandisha hata vikamera vya 1/2.3 vya mwaka 2008. Picha zake zina ladha ya zamani, sawa, lakini usilipie laki mbili ladha.

Kama RX100 haipatikani ndani ya wiki kadhaa, basi 1200D au 1300D, na pesa ya lenzi ya 24mm uitenge tangu mwanzo. 600D ina sehemu ya kuchomeka maikrofoni na skrini inayogeuka, 1200D na 1300D hazina, kwa hiyo kama video za duka zitakuwa nyingi iangalie hiyo.

Mama_Nyamanoro

Asanteni sana wakuu, nimeandika yote. RX100 nimepata mtu wa Buhongwa, tunaonana Jumamosi mchana. Swali la mwisho kwa Fundi: ile 1200D ya dukani nilipoijaribu leo ilipiga picha kadhaa vizuri, kisha ikaandika "Err 01". Muuzaji akafuta vile vidoti vya dhahabu, ikakubali. Bei ameshusha sana. Niichukue kama akiba?

Fundi_Makoroboi

Rudi ukaijaribu hivi. Weka Av, f/3.5, lenzi kwenye 18, piga 5. Kisha f/8, piga 5. Ikipiga vizuri kwenye f/3.5 na kutoa Err 01 kwenye f/8, vidoti havina kosa. Ule utepe wa umeme ndani ya lenzi ya 18-55 unaoendesha matundu ya mwanga umekatika, ugonjwa wa kawaida kwa lenzi hizi kwa sababu unakunjwa kila unapovuta zumu. Kwenye f iliyo wazi kabisa matundu hayasogei, ndiyo maana haikulalamika.

Omba lenzi nyingine ya Canon hapo dukani, ifunge, rudia f/8. Ikipiga, bodi ni nzima: lipa bei ya bodi peke yake, ile 18-55 muachie. Ikitoa Err hata na lenzi ya pili, shida iko upande wa bodi. Hiyo hata kwa bei aliyoshusha usiibebe.